Duka Lisilofunguka Upesi

Ndugu Wanachama,

Wahenga walisema, ngoja ngoja yaumiza matumbo. Safari hii matumbo yaliyoumia ni yetu wenyewe, na yatupasa tuwaeleze bila ya kuficha.

Kama mjuavyo, karafuu zetu twaziuza ZSTC. Lakini mdalasini na pilipili manga twajitafutia wanunuzi, na ndiyo sababu chama kikafungua tovuti, yaani duka la kwenye simu. Wenye maduka wa bara walipotupigia kuuliza bei tuliwaelekeza huko, nao wakanyamaza. Basi tukafunga safari kwenda kuwauliza: Shinyanga, Kahama, hata Geita.

Pale Katoro, mji wa biashara ulio karibu na machimbo madogo ya dhahabu, mama mmoja mwenye duka la vyakula alitukaribisha chai, akatucheka.

"Wanangu, duka lenu halifunguki. Nilingoja hata chai ikapoa na bando likaisha, bei sijaiona. Mdalasini nimeagiza Mwanza, kilo 40."

Kilo 40! Na wetu umo ghalani mpaka leo.

Watu wa kule wamezoea kutajiwa bei papo hapo. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo hupeleka dhahabu yake sokoni, ikapimwa, akajua bei yake. Hatakaa kutwa akingojea bei ya pilipili manga. Wala si wao peke yao. Mwaka 2016 kampuni ya Google ilieleza kwamba asilimia 53 ya wanaofungua tovuti kwa simu huiacha ikizidi sekunde 3.

Kosa lilikuwa wapi? Tusiulaumu mtandao wa Katoro. Kosa ni picha zetu. Tuliweka picha 12 za mashamba, kila moja megabaiti 4, kama zilivyotoka katika kamera. Jumla ni megabaiti 48. Mtandao dhaifu, upitishao megabiti 1 kwa sekunde, hauwezi kuzifikisha kabla ya dakika 6. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja, zafika kwa sekunde 10 hivi. Mteja aliomba kiganja cha kuonja, sisi tukamtwisha gunia la karafuu mbichi.

Kamati imekwisha kuamua haya:

1. Bei na namba ya simu ya chama zitangulie juu kabisa, kwa maandishi.

2. Picha ziwe 3 tu, zilizopunguzwa.

3. Kila badiliko lijaribiwe kwanza kwa simu ya bei nafuu, tena huko shambani mtandao unakosuasua, si hapa ofisini.

Mwanachama mwenye ukurasa wake mwenyewe wa biashara naye afanye vivyo hivyo. Asiyejua kupunguza picha aje ofisini siku yo yote ya kazi. Tutamwonyesha, na ni kazi ya dakika chache.

Mama wa Katoro amekwisha kuifungua tovuti mpya. Ameiona bei, akapiga simu kusema ni ghali. Hilo twalipokea kwa furaha, maana anayelalamikia bei tayari yumo dukani. Mazungumzo yanaendelea, na Mungu akipenda tutawaarifu.

Wassalaam,
Katibu wa Chama