Kuunga Shingo Iliyovunjika



Hapa Igogo tunawaona kila siku watu wanaobeba magunia kichwani. Mtu akiteleza na gunia zito, au akianguka na pikipiki, shingo inaweza kuvunjika. Je, shingo huungwaje?

Shingo ina pingili 7. Zimepangana kama pingili za muwa. Ndani yake kuna tundu, na humo hupita mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo. Mshipa huo ukibanwa, mikono na miguu hufa ganzi. Ukikatika, mtu hupooza.

Mara nyingi daktari hupasua shingo kwa mbele, siyo kwa nyuma. Husogeza koo kando kidogo. Huondoa kile kilichoharibika kati ya pingili mbili, kisha huweka kipande cha mfupa. Kipande hicho huweza kukatwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Halafu hufunga bamba dogo la titani kwa skrubu. Titani ni madini magumu yasiyoshika kutu. Bamba linashikilia tu. Mifupa yenyewe ndiyo inayoshikana, na huchukua miezi.

Sasa, mifupa ikishashikana, bamba lina kazi gani tena? Wataalamu walijiuliza hivyo, wakatengeneza bamba linaloyeyuka. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji huenda wanaujua uzi usiotolewa, unaokwisha wenyewe mwilini. Basi, ni jambo lile lile. Bamba hutengenezwa kwa asidi ya laktiki, ile inayochachusha maziwa ya mgando! Kiwandani huunganishwa mpaka ikawa ngumu. Mwilini humegeka polepole, pengine kwa miaka. Mwisho huwa maji na hewa tunayoitoa kwa pumzi. Tena haliizibi picha ya eksirei kama chuma.

Lakini bamba hilo si imara kama titani. Linaweza kuvunjika kabla mifupa haijashikana. Wengine huvimba linapoyeyuka. Ndiyo maana titani bado hutumika zaidi. Mimi naona ni haki, maana shingo haitaki majaribio.

Tena hakuna bamba, la chuma wala la kuyeyuka, linalounga mshipa wa fahamu uliokatika. Na mshipa unaweza kuumizwa na sisi tunaomsaidia mtu. Tunamwinua kwa mikono na miguu, kichwa kinaning'inia!

Mtu akianguka hivyo, msimkalishe. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kisitikisike. Wengine wamgeuze wote kwa pamoja, kama gogo, mumlaze juu ya mlango au ubao mpana. Wekeni nguo zilizokunjwa pande zote mbili za kichwa. Mpelekeni Bugando hivyo hivyo amelala, na mwenye kushika kichwa asikiachie njiani.