Viola Peke Yake Mbele ya Picha: Kweli au Si Kweli?

Viola ni fidla iliyokuzwa kidogo. Si kweli. Uzi mwembamba wa fidla haumo, na chini umeongezwa uzi mnene wa Do. Kwa sauti nzito hivyo, mwili wake ungepaswa kuzidi sentimita 50, lakini hakuna bega la kuubeba. Mafundi wengi huishia kwenye 40 au 42, na ufinyu huo ndio unaoipa sauti yake ya kukwaruza na kunong'ona. Aliyezoea fidla za taarab ataitambua tofauti mara moja.

Haiwezi kusimama peke yake jukwaani. Si kweli hata chembe, na dharau hii inaniuma. Paul Hindemith, Mjerumani aliyekuwa mpigaji viola mwenyewe, aliiandikia sonata nne za pekee kati ya 1919 na 1937. Mtunzi György Ligeti naye alimsikia mpigaji viola Tabea Zimmermann akipiga mjini Cologne mwaka 1990, akanaswa na uzi ule wa Do. Sonata aliyoikamilisha mwaka 1994 inaanza na sehemu inayopigwa yote kwenye uzi huo mmoja. Mpigaji hana pa kukimbilia. Vidole vinazidi kupanda, sauti inabanwa, na baadhi ya nota zimeandikwa zishuke kidogo chini ya pale sikio linapozingojea.

Muziki kwenye maonyesho ya sanaa ni mtindo wa juzi. Si kweli. Kuanzia Oktoba 1939 mpiga piano Myra Hess aliandaa maonyesho ya muziki ya mchana katika National Gallery, London, picha zikiwa zimehamishwa kukwepa mabomu. Yaliendelea hadi 1946.

Muziki huo ni pambo tu. Mara nyingi ni kweli, kwa bahati mbaya: mpigaji huwekwa kona, karibu na meza ya vinywaji. Lakini si lazima iwe hivyo. Huko Houston, Texas, nyumba ya ibada iitwayo Rothko Chapel ilifunguliwa mwaka 1971 ikiwa na picha 14 kubwa za mchoraji Mark Rothko, nyingi zikikaribia weusi. Rafiki yake, mtunzi Morton Feldman, aliitungia nyumba hiyo muziki wa viola, kwaya, selesta na ala za kugonga, ukapigwa humohumo mwaka 1972. Mwishoni viola inaimba wimbo ambao Feldman aliutunga akiwa na miaka 15. Muziki huo hauzielezi picha. Unamfanya mtazamaji akae nazo, na picha za Rothko hazijifungui kwa mwenye haraka.

Lazima uwe msomi wa muziki ili uufurahie. Si kweli. Kaa unapouona upinde, chagua picha moja, utulie. Elegie ya mtunzi Igor Stravinsky, ya mwaka 1944, hupigwa viola ikiwa imetiwa kizuia sauti mwanzo hadi mwisho; kisigino kimoja cha kiatu kwenye sakafu ya ukumbi kinatosha kuifunika.