Je, Wajua? Dansi la Jumamosi nalo ni zoezi
Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Si lazima yawe ya gym. Kipimo cha wastani ni chepesi: unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi.

Basi klabu za jogging za Dar es Salaam, zinazokimbia alfajiri huku zikiimba, zinafanyaje? Ujanja uko kwenye kupokezana. Kiongozi anatoa mstari, kundi linaitikia maneno mawili matatu, kisha linavuta pumzi. Anayetaabika ni kiongozi.

Rumba nayo imejipanga vizuri kuliko ratiba nyingi za mazoezi. Mwanzo ni taratibu: mmeshikana, hatua fupi, mazungumzo yanaendelea. Sebene likiingia, gitaa linapanda, watu wanaachiana, viuno vinaanza kazi na shati linalowa mgongoni. Mwili umeshapashwa moto kabla haujasukumwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia wazee 469 wa Bronx, New York, wote wa zaidi ya miaka 75. Kati ya shughuli za viungo zilizoangaliwa, ni dansi pekee iliyoambatana na hatari ndogo ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Huenda pia wenye akili timamu ndio wanaopenda kwenda dansini. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kumaliza ubishi huo.

Bia za kati ya wimbo na wimbo, hizo hazimo kwenye hesabu.