Mvuke Huunguza Kuliko Maji

Sufuria ya maji iinjikwapo motoni, chembechembe za maji, ndogo mno zisizoonekana kwa macho, huzidi kwenda mbio na kusukumana. Joto lifikapo nyuzi 100 pwani, au kama 93 katika vilima vya Kabale vyenye mwinuko wa karibu mita 2,000, maji huchemka. Tangu hapo, hata kuni zikiongezwa, maji hayazidi kuwa moto. Joto lote hutumika kuzibandua chembechembe zilizoshikamana, zipate kuruka zikiwa mvuke. Lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke.

Joto hilo halikupotea, mvuke umelibeba. Ugusapo ngozi, hugeuka tena maji na kulishusha lote hapo. Ndiyo sababu huunguza vibaya kuliko maji yenyewe.

Basi apikaye, nyumbani au kambini, na ainue kwanza ukingo wa kifuniko ulio mbali naye, watoto wakiwa kando. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe mafuta wala majivu. Na sufuria ikisha kuchemka, kuni zipunguzwe.