Kipepeo na Mbawakawa wa Visiwa Visivyo na Bahari

Wazazi wetu wakisema kisiwa, wanamaanisha Unguja, Pemba au Ngazidja. Sisi tuliolelewa Soweto tumezoea visiwa vya nyasi, vilivyozungukwa na nyumba na barabara badala ya bahari. Wadudu wawili adimu wa Gauteng wanaishi humo.

Wa kwanza ni kipepeo Aloeides dentatis, mdogo, wa rangi ya machungwa. Mwaka 1985 alitengewa hifadhi ndogo huko Ruimsig, Roodepoort, kaskazini ya Soweto. Kiwavi wake hushinda mchana kwenye shimo la sisimizi, na usiku hutoka kula majani ya mmea uitwao Hermannia. Harufu yake inafanana na ya watoto wa sisimizi, basi wenyeji humwacha akae nao kama ndugu. (Sote tunamjua mgeni wa namna hiyo.) Kwa hiyo kumlinda si kupanda maua tu. Mmea uwepo, sisimizi wawepo, tena nyasi zichomwe kwa wakati wake zisije zikaufunika mmea.

Wa pili ni mbawakawa Ichnestoma stobbiai. Majumbani mwetu kila mdudu mwenye gamba huitwa mende, na kikaoni tulibishana sana juu ya jina hilo. Huyu anaishi kwenye vilima vichache vya mawe. Buu hukua udongoni. Mvua nzito za kwanza zikinyesha, mwezi wa Oktoba au Novemba, wakubwa huibuka kwa pamoja. Hawali chochote; hupandana, jike hutaga, kisha hufa. Dume huruka, jike hawezi.

Kipepeo akivuka barabara asikute mmea na sisimizi, safari yake ni bure. Jike wa mbawakawa hata safari hiyo haianzi. Kilima chake kikichimbwa misingi ya nyumba, ukoo wa hapo umekwisha, na hakuna jike wa kilima cha pili atakayekuja kuanza upya.

Kwa maoni yetu mbawakawa ndiye mwenye shida zaidi, ingawa hifadhi ya Ruimsig ilitengwa kwa ajili ya kipepeo. Uzuri una bahati yake. Mbawakawa huonekana siku chache tu kwa mwaka. Mkaguzi wa kiwanja akija Julai ataandika kwamba kilima ni kitupu, kumbe kizazi kijacho kiko chini ya viatu vyake.