Mwendesha mashtaka anapohamia upande wa utetezi

BUJUMBURA. Mfanyabiashara anayetoka Kigoma, Uvira au Kampala kuja Bujumbura huuliza bei, barabara na ushuru kabla ya kufunga mzigo. Jambo moja husahaulika: akikamatwa kwa tuhuma ya jinai, atashikiliwa kwa muda gani?

Kenya na Tanzania, kwa kawaida mtuhumiwa hufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Uganda ni saa 48. Burundi, ambayo sheria zake zina asili ya Ubelgiji, polisi wanaweza kumshikilia mtu hadi siku 7, na mwendesha mashtaka anaweza kuongeza muda huo mara moja. Kwa mwenye nyanya au samaki wabichi, siku 14 ni mtaji mzima.

Hapo ndipo wakili anapohitajika, hasa anayejua ofisi ya mashtaka inavyofikiri.

Mfano unaojulikana katika ukanda huu ni Philip Murgor wa Nairobi. Mwaka 2003 alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma nchini Kenya. Wakati huo ofisi hiyo ilikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu. Uhuru wake ulikuja na Katiba ya 2010. Mei 2005 Rais Mwai Kibaki alimwondoa, naye akarudi kwenye uwakili wa kujitegemea.

Tangu hapo amesimama upande wa pili. Mwili wa mfanyabiashara Mholanzi Tob Cohen ulipopatikana Septemba 2019 ndani ya tangi nyumbani kwake Nairobi, Murgor alikuwa wakili wa mtuhumiwa katika kesi hiyo ya mauaji. Aprili 2021 alikuwa miongoni mwa waliosailiwa kwa nafasi ya Jaji Mkuu, ambayo ilikwenda kwa Martha Koome.

Wapo wanaouliza: mtu aliyewapeleka watu gerezani anawezaje leo kuwatetea? Jibu ni kwamba kazi zote mbili husimama juu ya jalada moja. Aliyewahi kuliandaa anajua linapovuja: nani alikamata mali, saa ngapi, nani aliitunza, na je, shahidi aliona au alisikia tu? Mashtaka hubeba mzigo wa kuthibitisha. Mtetezi huupima mzigo huo.

Kwa mgeni Bujumbura, jalada huanza na maelezo ya polisi, ambayo mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa. Mzungumzaji wa Kiswahili anayetia saini asichokielewa amempa mwendesha mashtaka ushahidi ambao wakili atahangaika nao miezi kadhaa. Aombe mkalimani, asomewe kila ukurasa, ahakikishe tarehe na saa ya kukamatwa vimeandikwa sawasawa, kwa sababu siku 7 huhesabiwa kuanzia hapo. Ndugu waliobaki nje wapeleke kwa wakili nakala za stakabadhi za forodha na risiti za manunuzi mapema, kabla jalada halijafika parike, yaani ofisi ya mashtaka.

Jambo la mwisho ni la kufanya kabla ya safari. Stakabadhi zikiwa zote ndani ya gari lililokamatwa, wakili hana cha kuonyesha. Nakala moja ibaki nyumbani, pamoja na namba ya simu ya wakili mmoja wa Bujumbura.