Chanjo ya chunjua hukinga ng'ombe, haiponyi

MFUGAJI anapoona mtamba wake ameota vinundu usoni na shingoni, huingiwa na hofu. Wapo wanaomuuza mnyama huyo kwa bei ya kutupa, na wapo wanaokimbilia chanjo wakidhani itamponya.

Vinundu hivyo ni chunjua, na husababishwa na virusi vya papiloma. Virusi hupenya kupitia michubuko, kisha huzifanya chembe za ngozi kukua kupita kiasi. Huenea ng'ombe wanaposuguana, au kifaa kimoja cha kukatia pembe au kutogea masikio kinapotumiwa kwa kundi zima bila kusafishwa.

Waathiriwa wakuu ni wanyama wasiozidi miaka miwili. Aghalabu chunjua hukauka na kuanguka zenyewe baada ya miezi kadhaa, mwili unapojijengea kinga. Kwa sababu hiyo, dawa yoyote inayotolewa wakati huo husifiwa bure.

Chanjo kwa kawaida hutengenezwa kutokana na kundi lenyewe. Daktari wa mifugo hukata kipande cha chunjua, kikasagwa maabarani na virusi vyake kuuawa kwa fomalini, kisha wanyama wa kundi hilo wakadungwa. Hufanywa hivyo kwa kuwa virusi hivi vina zaidi ya aina 20, na kinga dhidi ya aina moja aghalabu haizuii nyingine. Wanaofaidika hasa ni ndama ambao bado hawajaambukizwa.

Kosa jingine ni kuchanganya chunjua na ugonjwa wa mapele ya ngozi, unaoletwa na virusi vya jamii ya ndui na ambao ulithibitishwa Kenya mwaka 1957. Huo huandamana na homa, tezi huvimba na maziwa hupungua. Mapele yake huwa magumu na huzama ndani ya ngozi. Chunjua hujitokeza juu ya ngozi mfano wa koliflawa, na mnyama huendelea kula kama kawaida. Chanjo ya ugonjwa mmoja haizuii mwingine.

Hata hivyo, chunjua zisipuuzwe. Zikiota kwenye chuchu, hutatiza ukamuaji na kufungua njia ya vidonda. Zikikaa zaidi ya mwaka mmoja au kutoa damu, daktari aitwe. Kwa mfugaji, hatua ya kwanza ni kumtenga mgonjwa na kutakasa vifaa kabla ya kumshika mnyama anayefuata.